Maji ya Chumvi na Pua ya Mama Mwamini

Jina langu ni Mujinga. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee na kazi. Kwetu Baluba, Mujinga ni mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu ikiwa imemzunguka shingoni. Mama yangu alinisimulia kwamba mkunga aliponifungua, nilipiga chafya kwanza, ndipo nikalia. Labda kazi yangu ilianza siku ile, kwa sababu nimekuwa muuguzi hapa Kolwezi mpaka nimestaafu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeosha pua za watu.

Ninyi vijana mnaoanza kuvaa bluzi nyeupe, nawajua. Mnataka chumba cha upasuaji. Mnataka uzazi, pale ambapo watu hutoka wakiimba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunijia akasema, "Mama, mimi nataka pua." Sawa. Lakini kaeni kidogo katika mji huu wakati wa kiangazi, kamyo za mawe, malori makubwa, zikipita tangu alfajiri, mavumbi yakikaa juu ya majani ya muhogo mpaka hujui tena majani yalikuwa ya rangi gani. Mtu akipenga kamasi, leso inatoka nyekundu kama tofali. Kisha kichwa kinakuwa kizito, mashavu yanauma, akiinama kufunga kiatu anahisi kama jiwe limebingirika nyuma ya macho. Huyo atakuja kwako. Atakuja huku akiomba sindano, na wewe itabidi umwambie kwamba dawa yake ya kwanza iko jikoni kwake.

Mimi mwenyewe niliifahamu dawa hiyo kwa Tata Kabwita, baba mmoja mrefu wa kabila la Lunda aliyekuwa mkubwa wetu katika chumba cha masikio, pua na koo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema kama anayegawa sukari wakati wa shida. Siku ya kwanza alinipa kikombe akaniambia, "Onja." Nikaonja. Maji ya uvuguvugu, yenye chumvi kidogo.

"Hii inafanana na nini?"

Nikasema inafanana na mchuzi uliokosa samaki.

"Apana," akasema. "Umesha kulia mu maisha yako? Chozi ikifika ku mdomo, iko na chumvi gani? Njo hii, ndiyo hii. Ikizidi hapo, pua inaungua. Ikipungua hapo, pua inaungua pia. Pua ni kama jicho, haipendi maji ya bure."

Mpaka leo vipimo vyangu ni hivyo. Kikombe kimoja cha maji, nusu ya kijiko kidogo cha chai cha chumvi laini, na kama iko, chembe kidogo ya bikarbonati ile wanayotia mama zetu kwenye maharagwe ili yaive upesi. Onja. Kama ni chozi, tumia. Na maji yawe yamechemka yakatokota, kisha yakapoa yenyewe ndani ya sufuria iliyofunikwa. Si ya bomba, si ya kisima, hata kama yanang'aa kama kioo. Tumbo lina nguvu zake za kupigana na uchafu, lakini kule juu puani hakuna askari.

Msidhani watu walipokea jambo hili kwa makofi. Wakati ule hatukuwa na chupa hizi laini za plastiki mnazoziona sasa kila farmasi, unaminya nazo zinatii. Tulikuwa na pwari. Mnaijua pwari, lile tunda la mpira lenye mdomo mrefu ambayo kila mama hapa kwetu anayo nyumbani kwa ajili ya kupitisha dawa makalioni mwa watoto. Zetu zilikuwa mpya, safi, hazijawahi kutumika popote. Lakini nenda ukamweleze hivyo mwanaume mzima! Mwalimu mmoja alipoiona mkononi mwangu alisimama, akavaa koti lake, akasema kwa heshima kubwa, "Mama, samahani, mi niko na ugonjwa ya huku," akaonyesha paji la uso, "si ya kule." Akaondoka na maumivu yake yote. Baada ya hapo Tata Kabwita alikata ile midomo mirefu ikawa mifupi, akazipaka pwari zote rangi ya samawati. Watu wakaacha kukimbia. Chombo kilikuwa kilekile. Mgonjwa anatibiwa na macho yake pia, kumbukeni hilo.

Na kuna kijana wa Kasulo, mchimbaji, mtoto wa Kasaï aliyekuja kutafuta maisha kwenye mashimo ya kobalti, kule ambako watu walichimba mpaka chini ya vitanda vyao. Kichwa kilimuuma, nikamweleza yote, akaitika yote. Baada ya siku kadhaa akarudi, macho mekundu, pua imevimba kama embe bichi. Nikamuuliza chumvi alitia kiasi gani. Akanionyesha kiganja, kimejaa. "Mama," akalalamika, "mi nilitafuta kupona. Njo sasa niko nakauka kama samaki ya kuuzisha." Tangu siku hiyo sikumwacha mtu aondoke kabla hajachanganya maji yake mwenyewe mbele yangu. Kuitika ni adabu tu. Mkono ndio unaoonyesha kama mtu ameelewa.

Lakini nilikaa chini leo ili niwasimulie habari za Mama Mwamini, kwa sababu mimi nilimfundisha kuosha pua, na yeye akanifundisha mengine.

Mama Mwamini aliuza mafuta ya ngazi, yale mekundu ya tunda la mchikichi, ambayo bila hayo sombe ya majani ya muhogo haiwi sombe. Watu wake ni Waislamu wa kule Kasongo, wachuuzi na wasafirishaji tangu babu zao. Mapipa ya mafuta yalishuka na treni mpaka Lubudi, na mume wake, Tata Ramazani, aliyafuata kwa kamyo yake na kuyaleta kwenye depo yao hapa Kolwezi. Kila mpishi wa harusi alijua jambo moja: mama huyu hauzi mafuta ambayo hajayanusa mwenyewe. Pipa likifunguliwa, aliinama, akafumba macho, akavuta hewa taratibu, kisha akatoa hukumu. Haya ni ya ngazi za zamani. Haya yalinyeshewa njiani. Haya ni mazuri, yaingie. Wauzaji waliotaka kumdanganya walichoka, wakaenda kudanganya wengine.

Alifika kwangu mwishoni mwa kiangazi, mtandio umefunika uso mpaka chini ya macho. Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Bonjour, Mama. Mi si mugonjwa. Ni ndugu yangu mwanamuke, njo yeye mugonjwa. Alinituma."

"Karibu. Huyo ndugu yako anaitwa nani?"

Akatazama ukutani, akatazama mlangoni. "Anaitwa... Mwamini."

"Na wewe?"

"Mi pia Mwamini."

Nilijaribu kujizuia. Sikuweza. Nilicheka, naye akacheka, mtandio ukaanguka, na nikaiona sura ya mwanamke aliyekuwa hajacheka kwa muda mrefu. Kisha kicheko chake kikakatika ghafla.

"Mama," akasema, "pua yangu ilikufa."

Ilianza wakati watu wanachoma majani, akaeleza. Kwanza kichwa, kisha mashavu, kisha pua kuziba pande zote mbili. Muuza dawa wa mtaani akampa matone. Akatia, pua ikafunguka palepale kama mlango. Akafurahi. Kesho yake ikaziba tena, akatia tena. Ikawa anatia asubuhi, anatia mchana, anatia akiwa sokoni, kichupa kimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Na siku moja akaona kwamba hata pua ikifunguka, harufu haiji.

Hakumwambia mtu. Hapo ndipo aibu ilipoanzia. Mapipa yaliendelea kuja, naye aliendelea kuinama, kufumba macho, na kuhukumu kwa kukisia, akitazama rangi tu. Mpaka jirani akaozesha binti. Sombe ya harusi ikapikwa kwa mafuta yake, wageni wakaweka vijiko chini. Asubuhi yake, shangazi wa bibi harusi akaja na bidoni, dumu la mafuta yaliyobaki, akalimwaga mchangani mbele ya depo, watu wote wakitazama.

"Alimwaga chini, Mama. Wote banafunga pua. Na mi nilikuwa pale pale, ninainama, ninanusa, hakuna kitu. Kama kunusa maji."

Nikampeleka kwa daktari wetu, kijana mwenye mikono ya upole na akili iliyotulia. Akatazama ndani kwa taa yake, taratibu, bila haraka. Akatueleza kwamba hakuna uvimbe wa kukata. Nyama za ndani zimetuna kwa mavumbi, na yale matone yamezidi kuziharibu: yanafungua kwa muda mfupi, kisha pua inalipiza kisasi. Boksi lenyewe limeandikwa usiyatumie siku nyingi, lakini nani anasoma boksi? Aache matone. Aoshe pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kisha apulize dawa aliyomwandikia.

"Na harufu itarudi, Dokta?"

Hakumdanganya. "Inaweza kurudi, Mama. Inaweza pia kutorudi. Tutajaribu kwa nguvu." Kisha akanigeukia. "Mama Mujinga, wa kuosha ni wewe."

Nilichemsha maji, nikayapoza, nikaonja, nikaweka beseni, nikamshikisha chupa. Alipoona maji yakielekea puani aliruka kama aliyeguswa na moto. Chupa ikaanguka.

"Siwezi! Kila kitu kingine utanifanyia. Si maji."

Nikamkalisha, nikamngojea. Kwa kazi yetu, kungoja ni nusu ya matibabu. Ndipo akasema. Alipokuwa mtoto mdogo, kule kwao, alikuwa akiosha vyombo na mama yake kando ya Lualaba. Sufuria ikateleza, akaifuata, na mto ukamchukua. Mtu akamshika nywele akamtoa. Amesahau uso wa aliyemtoa. Hajasahau maji yalivyoingia puani.

"Ile maji ya mu pua," akasema, "njo harufu ya kufa."

Nikatafuta njia ya pembeni. Mimi ni Mkatoliki, lakini nimefanya kazi na majirani Waislamu muda mrefu na nimeona wanavyojitayarisha kwa swala. Nikamuuliza, "Mama, wewe si unatawadha? Pua unaifanyaje?"

Akainamisha kichwa. Akanong'ona kana kwamba padri na shehe wote wawili wako nyuma ya pazia. "Ninalowanisha vidole, ninagusa hapa tu." Akagusa ncha ya pua. "Tangu nilikuwa mutoto. Usimwambie Tata Ramazani. Yeye ni mtu ya dini sana."

Na kama vile ameitwa, Tata Ramazani akabisha hodi. Alikuwa amekuja kumchukua mkewe. Mtu mkubwa, mabega ya kubebea mapipa, viatu vimejaa mavumbi ya njia ya Lubudi. Akaona beseni, chupa, chumvi, akauliza nini kinafanyika. Nikamweleza juu ya kuosha pua, na juu ya woga nikanyamaza.

"Kumbe ni ile tu?" akasema. "Mama, leta maji."

Nikammiminia maji ya kikombe kiganjani. Akavuta kidogo kwa pua, kichwa kikiwa kimeinama, akayatoa kwa vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayefungua kitasa anachokijua. Akarudia. "Niko nafanya hii kila siku ya Mungu," akasema. "Badereva benzangu bote beko nakohoa mavumbi ya njia. Mi, pua iko wazi."

"Maji unayotumia yametoka wapi?" nikamuuliza, maana muuguzi ni muuguzi.

"Ku bomba."

"Kwa kutawadha, hayo ni ya Mungu na wewe, na usiyavute mpaka juu. Kwa kuosha pua kwa chupa, nataka yaliyochemka."

Akacheka, akaitika. Kisha akamtazama mke wake, ambaye alikuwa ameficha uso kwa mtandio. Akavuta kiti karibu naye, kiti kikalia.

"Mwamini," akasema kwa sauti ya chini, "mi nilijuaka."

"Ulijuaka nini?"

"Tangu nilikuoa ninaona mukono yako inafika mpaka hapa." Akajigusa ncha ya pua. "Sikusema kitu. Mama yako alinielezaka ile mambo ya mto. Nilisema, Mungu anajua, na mi ninajua. Inatosha."

Yule mama alilia, na mimi nikajifanya natafuta taulo kabatini. Vijana wangu, mkiwa kazini mtaona mambo ambayo hamkuitwa kuyaona. Tafuteni taulo.

Hatukutumia chupa siku ile. Tulianza na kiganja. Tone la maji kwenye ncha ya pua, kisha ndani kidogo, kisha kidogo tena. Tata Ramazani alishika beseni kwa mikono miwili kama anayeshika mtoto wa kubatizwa, samahani kwa mfano, na kila mkewe alipovuta maji naye alivuta hewa. Siku zilizofuata alimleta kila alipokuwa hayuko safarini. Na siku moja Mama Mwamini mwenyewe akasema, "Leta ile chupa."

Shikeni hapa, maana hapa ndipo watu hukosea. Inama juu ya beseni, usitazame juu. Geuza kichwa upande, shavu litazame chini. Fungua mdomo, pumua kwa mdomo, na ukiweza sema "kaaa" kwa sauti. Ukisema hivyo koo linajifunga nyuma na maji hayashuki. Minya pole. Maji yanaingia tundu la juu, yanatoka tundu la chini. Ukimaliza, penga polepole, matundu yote yakiwa wazi. Ukiziba moja ukasukuma kwa nguvu, maji yatapanda masikioni nawe utaniletea ugonjwa mwingine. Osha chupa, ianike, usimpe mtu mwingine hata kama ni pacha wako. Na kama kuna homa kali, au jicho limevimba, au damu haikatiki, acha chumvi yako, nenda kwa daktari upesi.

Mama Mwamini aliposema "kaaa" kwa mara ya kwanza, wagonjwa waliongoja nje walidhani tumeleta kunguru. Lakini maji yalipita. Akainua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni, macho yamemtoka. "Sikufa," akasema.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yakawa mteremko. Hapana. Kuacha matone ni vita. Pua yake ilijifunga kwa hasira, akawa anapumua kwa mdomo, hapati usingizi. Siku moja alisukuma mlango wangu, watu wamejaa kwenye benchi, akasimama katikati.

"Mujinga!" akapaza sauti. "Kweli baliokupa jina balijua! Niliacha dawa inanifungua, nikakamata maji inanifunga!"

Bibi mmoja akajikohoza. Nikamwambia, "Mama, ingia." Nikachemsha maji yangu, nikachanganya, nikainama mbele yake nikaosha pua yangu mwenyewe, "kaaa" na yote. Kisha nikampa chupa yake. Tukaosha pamoja, wanawake wawili wazima wameinamia mabeseni mawili. Alipomaliza, tundu moja lilikuwa limefunguka kidogo, upana wa uzi wa kushonea. Nikamwambia aulinde uzi huo. Akaenda bila kuaga. Kesho yake akatuma mikate ya mafuta, ingali moto, imefungwa kwenye kitambaa. Hakusema neno la msamaha, na mikate ilikuwa mitamu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, pua yake ilikuwa wazi. Kichwa kiliacha kuuma. Aliweza kuinama, kulala, kuimba. Lakini harufu haikurudi. Daktari akamwagiza anuse vitu vilevile kila asubuhi na jioni: karafuu, limau, kahawa, sabuni ya kufulia, akikumbuka kwa bidii kila kimoja kilivyokuwa kinanukia. Alifanya hivyo kwa utii, na kila nilipomuuliza alijibu, "Niko nabisha hodi. Nyumba iko bila mutu."

Wakati huo depo ilikuwa inazama. Wateja walipita upande wa pili wa njia. Tata Ramazani alisema wauze depo, abaki na kamyo tu. Mama Mwamini akaja kuniuliza nionavyo, nami nikamwambia sijui biashara, mimi najua kamasi. Lakini nikamuuliza: nyumbani kwake kuna mtu mwingine mwenye pua?

Alikuwapo Zaina, mke wa mwanawe, mwanamke mpole aliyepika chakula cha nyumba nzima. Siku moja Mama Mwamini alipokuwa jikoni, Zaina alimwambia bila kugeuka, "Mama, ile pipa ya mwisho ilikuwa mubaya. Nilisikia harufu tangu ku mulango. Niliogopa kusema."

"Juu ya nini uliogopa?"

"Weye njo pua ya hii nyumba, Mama. Mi nitasemaje mbele yako?"

Yule mama alipepea mbabula, jiko la makaa ambalo halikuhitaji kupepewa. Kesho yake alimchukua Zaina mpaka depo, akasimama naye mlangoni mbele ya wateja wachache waliobaki, akasema kwa sauti ya wazi: "Pua yangu iko mugonjwa. Ilikuwa mugonjwa tangu kabla ya ile harusi, na mi nilificha. Kuanzia leo, huyu njo ananusa. Mi nitamufundisha kila kitu ninajua." Nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda kununua ndakala, dagaa wetu, kando ya depo. Nilimwona yule shangazi aliyemwaga mafuta. Alikuwa amesimama upande wa pili wa njia. Hakuvuka siku ile. Alivuka wiki iliyofuata, na bidoni tupu mkononi.

Basi wakafanya kazi hivyo. Zaina alinusa na kueleza: "Inanukia kama moshi, Mama, lakini moshi ya kulala." Mama Mwamini alifumba macho, akatafuta katika kumbukumbu zake, akajibu: "Hiyo ni kuni mbichi. Balipika na haraka." Mmoja alikuwa na pua, mwingine alikuwa na maktaba ya harufu.

Na pua yenyewe? Aliendelea kuiosha, nami nilikuwa nimekaribia kustaafu. Asubuhi moja Tata Ramazani aliingia chumbani kwangu bila kubisha, uso umekunjamana.

"Mama Mujinga, uliniharibia nyumba."

Nikaweka chupa chini. "Kuna nini, Tata?"

"Nilirudi jana toka Lubudi. Ninatoa viatu, ninakaa nikule bukari yangu, ugali ya moto. Mwamini anapita na sahani, anasimama. Ananiangalia. Anasema, Ramazani, miguu yako inanuka!" Hapo uso wake ukashindwa kukunjamana tena. "Anaweka sahani chini, anapiga kelele, inanuka, inanuka! Zaina anakimbia, batoto banakimbia. Anakamata soksi yangu, Mama, ananusa, analia, anaipatia Zaina anuse! Majirani banauliza nani alikufa. Na mi sikukula mpaka nilienda kuoga."

Nilicheka mpaka daktari akaja kutazama kuna nini.

Harufu hazikurudi zote kwa mara moja, na nyingine hazijarudi mpaka sasa. Pera linaloiva halimwambii kitu. Sabuni anaisikia, limau analisikia, kahawa wakati mwingine inamjia kama kitu kilichoungua. Mafuta ya ngazi yalirudi polepole, kama mgeni anayekohoa mlangoni kwanza.

Siku hizi sina bluzi tena, lakini mafuta bado nanunua kule kule. Mara ya mwisho nilikuta pipa limefunguliwa, mama mkwe na mkaza mwana wameinama juu yake, vichwa vinakaribia kugongana. Zaina alisema ni mazuri. Mama Mwamini alisema kuna maji ya mvua ndani yake. Zaina akanusa tena, akashikilia neno lake. Mama Mwamini akanusa tena, akashikilia lake. Wateja wakaanza kuchagua upande. Mwisho wakanigeukia.

"Mama Mujinga, weye njo fundi ya pua. Kuya hapa uamue."

Nikainama. Pua yangu ilikuwa safi, nilikuwa nimeiosha asubuhi ileile. Nikavuta hewa taratibu kama nilivyomwona akifanya miaka yote ile. Nikangoja.

"Basi?"

"Nasikia mafuta," nikasema.

Depo nzima ililipuka kwa kicheko. Zaina alinitoa pale kwa kunishika mkono, Mama Mwamini akanijazia chupa kutoka pipa lingine, lile ambalo wote wawili walikuwa wamelikubali. Nilipoondoka walikuwa wameinama tena, wakibishana.